Onyesho la muda Petite Barrière: namna ya kulipangia watu wanaopita kila siku

Anayevuka Petite Barrière kwa biashara hapiti mara moja. Hupita leo, kesho na keshokutwa. Kabla ya Covid-19, mpaka huu kati ya Gisenyi, Rwanda, na Goma, Kongo, ulikuwa ukivukwa na watu zaidi ya 40,000 kwa siku, wengi wao akina mama wenye beseni kichwani, na jioni walirudi kwa njia ileile. Makumbusho mengi hupangwa kwa ajili ya mgeni atakayekuja siku moja na asirudi. Hapa mtazamaji ni yuleyule, na kitu kisichobadilika atakizoea baada ya wiki moja, kisha hatakitazama tena. Kwa hiyo onyesho la historia na sanaa la Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, linapaswa kuwa dogo na la kubadilishwa mara kwa mara.

Makumbusho ya taifa yaliyo jirani zaidi ni yale ya Mazingira, kule Karongi. Ya sanaa yako Kanombe, Kigali. Mama anayeuza nyanya hana siku ya kwenda huko. Lakini shule, maktaba, ushirika au kikundi cha vijana chenye chumba karibu na barabara kinaweza kuyafanya yote ninayoyaeleza hapa.

Anza na swali moja. Ukichagua mada kama "historia ya Rubavu", utajaza ukuta maandishi na hakuna atakayeyasoma. Uliza: mpaka huu uliwekwa lini, na nani? Jibu lake linatosha onyesho zima. Mwaka 1910, huko Brussels, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waligawana eneo hili. Gisenyi ikabaki upande wa Wajerumani, Goma upande wa Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaichukua Gisenyi vitani. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) zikaanzisha jumuiya ya kiuchumi ya CEPGL, makao yake yakawa hapa hapa Gisenyi. Ramani moja, picha tatu au nne na vibali vichache vya zamani vya kuvukia vinatosha kuyabeba hayo. Onyesho linalofuata liulize: volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, tulikimbilia wapi? Una 1977, una 2002 lava ilipokata katikati ya Goma na watu wakamiminika Gisenyi, una Mei 2021 walipovuka tena usiku, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba za Rubavu pia. Baada ya hapo wape ukuta wachoraji wa pande zote mbili.

Jambo moja usiliguse kwa haraka. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 yana mahali pake pa heshima, na Gisenyi ina kumbukumbu yake pale Commune Rouge. Onyesho la kona moja lisijaribu kuyabeba. Mwelekeze mtazamaji huko.

Vitu saba au vinane vinatosha. Hata makabati matupu yanaweza kusema: mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalionyesha makabati yasiyo na kitu, watu wafikirie vitu vya Kenya vilivyoko ughaibuni. Kwako, chukudu moja, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, itafanya kazi ya vitu kumi. Iweke karibu, mtu aione raba iliyopigiliwa misumari kwenye ubao. Halafu andika maelezo yanayomfanya ainame kutazama, kwa mfano: "Raba hii ni ya goti. Goti moja hukaa hapa, mguu wa pili husukuma. Tazama ilivyoliwa. Kipande cha tairi kilicho nyuma ndiyo breki." Maneno yasizidi 40, kwa sababu utayaandika mara tatu: Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa. Herufi ziwe kubwa kiasi cha kusomwa na mtu aliyesimama hatua mbili nyuma akiwa na mzigo.

Katikati ya picha ukutani huwekwa kwa kawaida kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Hapa shusha hadi 120. Petite Barrière inajulikana kwa wafanyabiashara wenye ulemavu wanaosafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu, na hao wana haki ya kuona bila kuinua shingo. Mlangoni weka mteremko badala ya ngazi.

Vitu vingi utaviazima kwa majirani, na hapo ndipo maonyesho madogo huharibikiwa. Kila kitu kiandikiwe karatasi mbili zenye sahihi: jina la mwenyewe, hali ya kitu siku kilipopokelewa pamoja na kila ufa na doa, picha yake, na tarehe ya kukirudisha. Kirudishe siku hiyohiyo. Mama akirudishiwa kikapu chake cha agaseke salama, jirani yake atakuletea cha kwake.

Picha za familia zinakili, onyesha nakala, rudisha picha halisi siku ileile. Karatasi na vitambaa havitakiwi kupata mwanga unaozidi lux 50, basi viweke mbali na dirisha wala visikae zaidi ya miezi mitatu. Vikapu na vitu vya mti vikague kwanza. Ukiona ungaunga wa wadudu, kifunge kitu ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja, kisha kiache kipate joto polepole kabla ya kukifungua. Kitu kilichopakwa rangi usikigandishe bila kumuuliza mtaalamu. RCHA, taasisi ya taifa ya urithi wa utamaduni, ndiyo ya kuulizwa.

Vibali utaomba wilayani, na ikiwa uko karibu na kizuizi, zungumza pia na watu wa uhamiaji kabla ya kupigilia msumari wa kwanza. Usizibe njia wala usipige picha za mpakani bila ruhusa.

Fungua hadi jioni, kwa maana asubuhi kila mtu anakimbilia soko. Badilisha kila baada ya wiki sita hadi nane, na wiki mbili kabla bandika mlangoni swali la onyesho linalokuja, watu waanze kutafuta walicho nacho nyumbani.

Nawe msomaji, ikiwa kabatini kwako kuna kibali cha zamani cha kuvukia mpaka au picha ya Gisenyi ya miaka iliyopita, andika nyuma majina na mwaka kwa penseli, si kwa wino, na umwonyeshe mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe.