Acha Pengo, Kuna Mwenzio Anataka Kuingia

Nikiwasha redio yangu ya ridhaa siiti mtu. Napita kwanza 14.100 MHz, ambako 5Z4B, kituo cha ishara kilichopo hapa Kenya, hupokezana zamu na vingine 17 duniani, kila kimoja sekunde 10. Dakika tatu zikiisha, najua bendi ya mita 20 imefunguka kuelekea wapi.

Alama zetu za wito huanza na 5Z4, na huko ng'ambo wanaozisaka ni wengi. Ukiita CQ jioni, yaani wito kwa yeyote anayesikia, unajibiwa na umati, sauti zimepandana hata herufi moja huipati. Nilipoanza nilikuwa namjibu mwenye sauti kubwa kuliko wote, na vurugu ikazidi. Siku hizi natangaza mapema kwamba nasikiliza juu yangu, kilohezi 5 hadi 10, ili wanaoniita wasinifunike. Nikidaka kipande tu cha alama, tuseme OK2, namwita OK2 na simpokei mwingine mpaka nimpate, hata kama jirani yake ananguruma kwa wati elfu. Ukimpokea anayenguruma, umewafundisha wote kunguruma. Nikimpata, natamka alama yake nzima ajue ni yeye aliyeingia daftarini. Yangu naitaja kila baada ya watu wawili watatu. Yupo aliyengoja nusu saa bila kujua anamngojea nani.

Kwenye mashindano ya CQ World Wide maneno hupungua kabisa: 59, ripoti ya ishara, kisha 37, namba ya ukanda wetu, basi. Habari za mvua na antena ziwekee siku ya maongezi, na hapo zungumza polepole, kwani Kiingereza kwa wengi wetu ni cha kujifunza.

Kwa FT8, mawasiliano ya kidijitali kupitia kompyuta, kwenye 14.074 MHz, saa ya kompyuta iwe sahihi na sauti inayoingia redioni isizidi, la sivyo utawachafulia wenzio masafa.

Kwenye ripita, kituo kinachopokea sauti zetu na kuzirusha tena, bonyeza kitufe, vuta pumzi, ndipo useme. Maneno ya kwanza yasikatwe. Mwenzio akimaliza, usidakie. Usiku mmoja, katika pengo kama hilo, iliingia sauti hafifu ya mwenzetu: gari limemfia porini, yuko na watoto, simu haina mtandao. Tulinyamaza sote ataje alipo, na mmoja wetu aliyekuwa karibu akachukua kamba na tochi, akamfuata.