SOMO LA UFUNDI: KUKATA KONA ZA UKINGO WA DARI



Wako wenzetu wengi wa mashamba ya michikichi ya Rumonge na wa viwanda vya Bujumbura ambao siku ya mapumziko hushika randa na msumeno ili kuongeza pato la nyumbani. Katika njia ya ziwa, kupitia Gitaza, nyumba inapotiwa dari ya mbao mwenyewe hutaka pia ukingo, yaani ule ubao wenye nakshi unaofunika ufa kati ya ukuta na dari. Wengine huuita kornisi. Ugomvi huanzia hapo. Kona ikiachia, mwenye nyumba hukata ujira, na ubao ulioharibika humwangukia fundi. Tumeona fundi akilipishwa mbao kwa sababu ya ukuta uliojengwa ovyo na mtu mwingine.

Basi tuanze na ukuta, siyo ubao. Kila fundi anajua kwamba kona ya mraba ni nyuzi 90 na nusu yake ni 45. Lakini ukuta wa matofali ya udongo ni nadra kuwa mraba kamili. Pima sentimita 60 toka konani kwenye ukuta mmoja, na 80 kwenye ukuta wa pili, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Ukipata 100, kona ni sawa. Ukipata 102, kona imefunguka hadi nyuzi 92 na kidogo, na kila ubao utakatwa kwa 46.

Asiye na kipima-pembe asihangaike. Twaa ubao mwembamba wenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho, uushikilie darini ukigusa ukuta mmoja, uchore mstari upande wa nje. Fanya vivyo hivyo kwa ukuta wa pili. Pale mistari inapokatana, unganisha na kona: mstari huo unaigawa kona nusu kwa nusu. Uhamishe kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwa skrubu moja, ukate nao mfereji mpya katika kisanduku chako cha kukatia.

Sasa jambo linalowashinda wengi. Ukingo haulali ukutani kama ubao wa sakafuni. Umeegemea, ukigusa ukuta chini na dari juu. Ukiulaza chali kisandukuni na kukata 45, kona haitakutana kamwe. Ugeuze juu chini. Sakafu ya kisanduku iwe ndiyo dari, ubavu wake uwe ndio ukuta, na upigilie kijiti kidogo ili ubao usiteleze. Kumbuka kwamba ukiugeuza hivyo, kushoto kunakuwa kulia. Heri kuweka vipande vifupi vya mfano, vilivyoandikwa kwa kalamu, kuliko kutegemea kichwa saa kumi jioni baada ya zamu.

Urefu upimwe siku zote kwenye kingo inayogusa ukuta. Kona ya ndani, kingo hiyo ndiyo ndefu. Kona ya nje, ndefu ni ile ya darini.

Kwa kona za ndani sisi twapendelea njia nyingine. Ubao wa kwanza ukate mraba, uusukume hadi ukutani. Wa pili ukate 45 kama kawaida, nakshi itajionyesha kwenye mkato. Ifuate kwa msumeno mwembamba ulioelekezwa nyuma kidogo, umalize kwa tupa. Ubao huo utaukumbatia wa kwanza, hata kona isiwe mraba, hata mbao zikinywea kiangazi, Juni hadi Septemba. Kona ya nje haina njia hii. Hiyo ni nusu kwa nusu na gundi.

Mkaratusi mbichi hupinda, usiukubali. Mbao zilale wiki mbili ndani ya chumba kile kile kabla ya kukatwa.

Na kabla ya kupatana bei, pima kona zote mwenye nyumba akiwapo. Andikeni vipimo, pamoja na idadi ya mbao za akiba na nani atazinunua. Kwa chumba cha kona 4, ubao 1 wa akiba watosha. Wote wawili watie sahihi, na nakala moja abaki nayo fundi.