Ruzuku ya serikali ya elimu ya mtandao: ipo kweli au ni mtego?

Leo somo ni refu kidogo ila soma mpaka mwisho, maana kuna hela ya watu kumi na wawili imeponea chupuchupu.

Wiki iliyopita dada mmoja anayeuza vitenge mtandaoni, yuko hapahapa Tabora mjini, alinipigia saa nne usiku. Kaingiwa na ujumbe: serikali inatoa ruzuku ya milioni 5 kwa vikundi vinavyofundisha wananchi usalama wa mtandao, lipia fomu 35,000 kwa namba hii, mwisho ni leo saa sita usiku. Juu wamebandika nembo ya taifa. Huyu dada ndiye katibu wa kikundi chetu cha wauzaji, na akiba yetu yote, 420,000, ilikuwa kwenye simu yake. Akaniuliza, "Mdogo wangu, nitume?" Nikamwambia, dada, subiri kukuche.

Asubuhi tukaenda kwa afisa maendeleo ya jamii. Hakutucheka. Alituuliza maswali matatu tu, na hayo ndiyo somo la leo.

Swali la 1: Tangazo lenyewe liko wapi?

Hela ya umma haitangazwi kwa ujumbe wa usiku kutoka namba ya kawaida. Ina sheria, ina bajeti, ina ofisi. Hapa Tanzania elimu hii inabebwa zaidi na taasisi za serikali zenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ndiyo utaisikia redioni. Kampeni ya Sitapeliki iliyozinduliwa 2024 iliwaweka pamoja wizara, TCRA, polisi na kampuni za simu. Upo pia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya 2006. Kazi yake kubwa ni kupeleka mawasiliano kule ambako kampuni zinaona hakulipi. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchi nzima. Sasa fikiria: mnara ukifika kijijini, watu wengi wanaingia mtandaoni kwa mara ya kwanza, na matapeli nao wanaingia siku hiyohiyo. Ndiyo maana elimu inahitajika, na ndiyo maana uongo wa "ruzuku ya elimu" unaingia akilini kirahisi. Tapeli mzuri hasemi kitu cha ajabu, anasema kitu kinachofanana na kweli.

Nchi nyingine wanashirikisha mashirika. Marekani, kwa mfano, kuna shirika lisilo la faida linaitwa National Cybersecurity Alliance. Tangu 2004 wanashirikiana na serikali kuufanya Oktoba mwezi wa elimu ya usalama wa mtandao. Kwa hiyo wazo la serikali kufanya kazi hii na mashirika si uongo. Uongo ni ile namba ya kulipia.

Swali la 2: Kikundi chenu kimesajiliwa kama nini?

Hapa tulikwama. Sisi ni kikundi cha kuweka akiba na kugawana mwisho wa mwaka. Shirika lisilo la kiserikali ni kitu kingine kabisa. Linasajiliwa kwa Msajili wa Mashirika chini ya sheria ya 2002, lina katiba, linatoa ripoti kila mwaka, na wanachama hawagawani faida. Mfadhili wa kweli ataomba cheti, katiba na akaunti ya benki yenye jina la shirika. Huyu wa usiku hakuuliza hata kimoja. Alitaka namba ya simu na 35,000 tu.

Halafu tusichanganye ruzuku na mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu) ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ulisimamishwa 2023, ukarejeshwa 2024, na matapeli wanapenda sana kujificha nyuma yake. Huo ni wa kuendesha biashara, si wa kuandaa semina. Ukiutaka, nenda ofisi ya kata au halmashauri kwa miguu yako.

Swali la 3: Kwa nini unalipa ili upewe?

Hili lilimfanya dada yangu ashike kichwa. Zamani misafara ikitoka pwani kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na njiani watemi walidai hongo ndipo watu wapite. Lakini mtemi alikuwa na njia kweli. Huyu wa kwenye simu hana njia wala ruzuku, ana laini tu.

Basi tufanyeje?

Sisi tulikuwa tunaitaka hiyo milioni 5, nisiseme uongo. Tuliwaza kuwafundisha akina mama wa sokoni. Tukagundua hiyo kazi haihitaji milioni 5. Jumamosi tumeanza, dakika kumi kabla ya kufungua mzigo. Tunafundisha haya:

1. Mteja akikuonyesha ujumbe wa malipo, usitoe mzigo. Angalia salio lako kwanza.

2. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" usiujibu. Utume pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040. Ni bure.

3. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma waifute.

4. Huduma kwa wateja wanakupigia kwa namba 100. Akipiga mwingine akasema anatoka kampuni ya simu, kata.

5. Namba ya siri haiulizwi na mtu yeyote. Hata mimi mwalimu wako.

Na la kikundi: tumehamisha akiba kwenda akaunti ya benki yenye saini tatu. Hela ya watu kumi na wawili haikai kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Yule dada mwenyewe ndiye aliyependekeza. Alisema usiku ule vidole vilishaandika namba, kilichobaki ni kubonyeza.

Ukipata ujumbe wa ruzuku, jiulize yale maswali matatu. Moja tu likikosa jibu, lala, kesho nenda ofisini. Ruzuku ya kweli itakusubiri kukuche.

Mtumie muuzaji mwenzako hili somo, hasa yule anayeshika hela ya kikundi. Na kama umewahi kupata ujumbe wa namna hii, tuandikie hapo chini ulisemaje, wengine wajifunze.