Dondoo muhimu: Riwaya na kizawadi chake

Ukivuka mto kumpelekea mtu wa Lubunga, Kisangani, riwaya uliyoipenda, iambatanishe na kitu kidogo cha kumburudisha anaposoma.

1. Uliza kwanza anasoma lugha gani kwa raha. Kifaransa cha mtihani si lazima kiwe cha kujipumzisha jioni.

2. Msomaji wa Kiswahili mpe *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022), na pakiti ya majani ya chai.

3. Anayependa kicheko chenye uchungu mpe *Congo Inc.* ya In Koli Jean Bofane (2014), na kahawa ya robusta iliyosagwa. Riwaya hii ina kurasa za ukatili mkali. Si ya mtoto.

4. Mbishi mpe *A Bend in the River* ya V.S. Naipaul (1979) kwa tafsiri ya Kifaransa. Mji wake hautajwi jina, ila mtu wa Kisangani atautambua, na atakasirika mahali fulani. Ongeza karanga za kukaanga, mjadala utakuwa mrefu.

5. Karanga, au sabuni ukiiongeza, zifunge mbali na kitabu: mafuta ya karanga huacha madoa, harufu ya sabuni haitoki.

6. Ukitaka kumpa mwanga wa kusomea kitandani usiku, chagua taa ndogo ya sola badala ya mshumaa. Moto na chandarua havipatani.

7. Kwenye pirogi, funga kitabu kwa plastiki mbili, kisha kitenge juu. Kitenge peke yake hunyonya maji.

8. Futa bei, andika jina lako na tarehe.

9. Usisimulie mwisho.