Mazoezi pwani: Usikimbie kama uko Nairobi

Mzee mmoja wa miaka 52, mfanyakazi wa afisi hapa Nairobi, alikuja kwangu akiwa na shinikizo la damu na kitambi. Nilimwandikia vidonge, kisha nikamwambia yale tunayowaambia wagonjwa kila siku: "Mzee, fanya mazoezi." Alinitii. Akawa anakimbia pole pole mtaani kwake kila asubuhi, na baada ya miezi michache shinikizo lilishuka na suruali zikaanza kumlegea.

Desemba ilipofika akaenda likizo Watamu pamoja na mpwawe. Asubuhi ya kwanza, saa tatu, alivaa raba akakimbia kwa kasi ile ile ya nyumbani, kwanza chini ya miti, halafu kando ya mikoko. Baada ya dakika 40 hivi alianza kupepesuka kama mlevi. Mpwawe alipomwuliza ana nini, alijibu maneno yasiyoeleweka, kisha akaanguka. Wavuvi walisaidia kumbeba hadi kivulini, wakammwagia maji ndoo baada ya ndoo, ndipo akapelekwa hospitali. Alipona. Aliporudi aliniambia, "Daktari, uliniambia nikimbie, lakini hukuniambia vipi."

Alisema kweli. Somo la leo ni deni langu kwake.

Joto hutokaje mwilini?

Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi. Mwili hulipunguza kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Lakini jasho linalotiririka tu halipozi mwili. Linalopoza ni lile linalokauka. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni baridi. Pwani hewa imejaa mvuke, hasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Jasho halikauki upesi, joto hubaki mwilini, na moyo hulazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kulisha misuli na kupoza ngozi.

Mwili hujifunza kuishi na joto, lakini huhitaji siku 10 hadi 14. Mgeni wa siku moja hana kinga hiyo, hata kama ni hodari wa kukimbia kwao.

Msitu na hori

Chukua mfano wa Gede na Watamu. Upande mmoja wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Upande wa pili kuna hori ya Mida, yenye mikoko na nyanda za matope ya chumvi, ambapo ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huja kutafuta chakula.

Msituni kuna kivuli, lakini upepo ni haba. Mkimbiaji hudanganyika kwamba hana joto kwa kuwa jua halimchomi. Mchanga laini huchosha ndama za miguu, na mizizi hutegua vifundo. Msitu huo pia una ndovu na nyoka. Waulize walinzi wa msitu njia inayoruhusiwa, na usiende peke yako.

Kwenye hori kuna upepo, lakini hakuna kivuli. Uwanda uliokauka juu huenda ukawa na matope chini yake, na mizizi ya mchu huchomoza kama penseli zilizochongwa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hufika mbali zaidi. Waulize wavuvi saa ya maji kujaa kabla hujaondoka. Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, na uhakikishe umechanjwa dhidi ya pepopunda.

Anza hivi

Siku tatu za kwanza tembea tu, kwa dakika 20 au 30. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, ukiongeza kidogo kidogo. Ondoka kunapopambazuka vizuri na uwe umemaliza kabla ya saa mbili. Kipimo cha kasi ni ulimi wako: ukishindwa kuzungumza na mwenzako, punguza mwendo.

Kunywa maji kabla ya kuondoka, beba chupa, na unywe unapohisi kiu. Usijilazimishe kunywa lita nyingi, kwani maji kupita kiasi hupunguza nguvu ya chumvi katika damu, na hiyo nayo ni hatari. Anayetoka bara amwone daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria kabla ya safari, na alale ndani ya chandarua.

Wenye maradhi

Baadhi ya vidonge vya shinikizo hukufanya ukojoe sana, na vingine huzuia moyo kwenda mbio. Mzee wetu alikuwa akimeza vile vya kwanza, kwa hivyo alianza safari akiwa na upungufu wa maji. Usiache dawa kwa hiari yako. Mwulize daktari wako kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe glukosi au peremende mfukoni. Mwenye maumivu ya kifua, au anayeishiwa na pumzi upesi, apimwe kabla ya kukimbia.

Dalili za hatari

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza ni onyo: simama, kaa kivulini, kunywa maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, huenda joto la mwili limepita nyuzi 40, na hapo maisha yake yamo hatarini. Mpoze papo hapo. Mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee vitambaa vyenye maji baridi kwapani na kwenye kinena, huku mwenzako akitafuta gari. Usimpe kinywaji asije akapaliwa, wala usimpe dawa za kutuliza homa. Joto hili si homa, na dawa hizo hazisaidii. Wale wavuvi walimwokoa mzee wetu kwa sababu hawakungoja gari ndipo waanze kummwagia maji.

Mzee huyo angali anakimbia. Desemba iliyofuata alirudi Watamu, akatembea siku tatu za kwanza, na kila asubuhi alikuwa mezani akinywa chai kabla ya saa mbili. Nami siku hizi, kabla ya kumwambia mgonjwa akimbie, humwuliza kwanza: wapi, saa ngapi, na ukiwa na nani?