SOMO LA AFYA: Maumivu Makali ya Hedhi Yanataka Wataalamu Zaidi ya Mmoja



Yako mambo ambayo akina mama wa kisomo huyazungumza wao kwa wao tu, mwalimu akishatoka nje. Moja ni maumivu ya hedhi. Leo tutayasema wazi. Akina baba nanyi msigeuze ukurasa, jambo hili linawahusu.

Kuumwa kidogo tumbo siku ya kwanza ya hedhi ni jambo la kawaida kwa wanawake wengi. Lakini yapo maumivu ambayo si ya kawaida hata kidogo. Mama anashindwa kushika jembe. Msichana anakosa shule siku 2 au 3 kila mwezi. Mwingine anaumwa wakati wa tendo la ndoa, au akienda haja kubwa siku za hedhi, au tumbo linajaa kama ngoma. Huku kwetu tumezoea kusema, "Hilo ni chango la uzazi," kisha mgonjwa anachemshiwa mizizi, basi. Jina hilo la chango limefunika magonjwa mengi tofauti. Mojawapo linaitwa endometriosisi. Neno ni refu, lisome polepole: e-ndo-me-tri-o-si-si.

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando laini. Kila mwezi utando huo hunenepa ukingoja mimba. Mimba isipoingia, hubomoka na kutoka pamoja na damu, nayo ndiyo hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, vipande vya nyama vinavyofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya mfuko wa uzazi, kwenye utumbo, hata kwenye kibofu cha mkojo. Navyo hufuata mwezi vilevile, huvimba na kuvuja damu. Lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Mahali hapo panauma, halafu panafanya makovu, na makovu hugandisha viungo ambavyo vilitakiwa kuteleza kila kimoja peke yake. Ndiyo maana mama anasikia maumivu hata akienda haja, na ndiyo maana wengine huchelewa kupata mimba.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na zinaa, wala kurogwa, wala uchafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa anao, yaani wanawake na wasichana kama milioni 190 duniani. Zamani madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye pesa, na kwamba mwanamke mweusi haupati ila kwa nadra. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Chicago, Marekani, Donald Chatman, aliandika habari za wanawake weusi aliowachunguza tumboni kwa kifaa cha kuchungulia. Zaidi ya mmoja katika kila watano alikuwa nao. Na baadhi yao walikuwa wameambiwa kwamba wana maambukizo ya via vya uzazi! Walikuwa wakimeza dawa za ugonjwa usiokuwapo.

Je, kwetu sisi mambo yakoje? Tuchukue mfano wa mama mmoja mkulima wa pamba. Mfano tu, lakini wasomaji wengi watamtambua. Mwaka wa kwanza alikwenda zahanati akisema mkojo unamchoma. Akapewa dawa ya mkojo. Mwaka wa pili akaenda kituo cha afya akisema tumbo linamsokota na choo kinauma. Akatibiwa tumbo. Mwaka wa tatu akaambiwa ana maambukizo ya nyonga, na mumewe akaletewa dawa pia. Hapo nyumbani hapakulalika: nani kamletea mwenzake ugonjwa wa zinaa? Mwaka wa nne akaenda kwa mkunga kuuliza kwa nini hapati mtoto.

Tazama vizuri. Kila mtaalamu alitibu kile alichoambiwa. Hakuna aliyekuwa mjinga. Lakini kila mmoja aliona kipande chake, na hakuna aliyejua mwenzake kaona nini, maana vyeti vilibaki huko au vilifungiwa chumvi. Kama wangekaa pamoja dakika kumi tu, wangeuliza swali moja: "Mama, haya yote yanakuja siku za hedhi?"

Kwa ugonjwa huu, kushirikiana kwa wataalamu si mapambo, ni sehemu ya matibabu. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake ndiye anayeongoza. Mpiga picha za altrasaundi humwonyesha uvimbe kwenye kifuko cha mayai, ingawa madoa madogo hayaonekani kwa picha. Kwa hiyo picha ikiwa safi haina maana kwamba mama anasingizia. Misuli ya nyonga iliyokaza kwa maumivu ya miaka mingi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo huilegeza. Mshauri huzungumza na mume na mke. Na endapo ugonjwa umeingia kwenye utumbo, daktari wa wanawake hafai kukata peke yake. Inatakiwa daktari wa upasuaji wa utumbo awe naye chumba kimoja, ili mama apasuliwe mara moja kwa uangalifu, asirudishwe mezani kila mwaka.

Uingereza wameliwekea jambo hili kanuni. Chama cha madaktari wanaofanya upasuaji wa aina hiyo hakitambui hospitali kuwa kituo cha endometriosisi kali mpaka iwe na daktari wa wanawake, daktari wa utumbo na muuguzi maalumu wa ugonjwa huu. Muuguzi ndiye anayeunganisha wote. Tena wanawake wenyewe hujaza karatasi ya maswali kabla ya kupasuliwa, na baada ya miezi 6, mwaka 1 na miaka 2. Maneno ya mgonjwa yanaandikwa na kuhesabiwa.

Utasema, hayo ni ya Uingereza, zahanati yetu ina watumishi wawili. Ni kweli. Lakini kazi ya kuunganisha wataalamu unaweza kuianza wewe, kwa sababu sasa unajua kuandika. Nunua daftari dogo. Andika hivi:

Tarehe 3. Damu imeanza. Kiuno na tumbo la chini. Sikwenda shamba. Nimemeza vidonge viwili.
Tarehe 4. Nimetapika. Choo kinauma sana.
Tarehe 6. Nafuu. Nimepalilia nusu siku.

Fanya hivyo miezi 3. Bandika humo vyeti vyote, na majina ya dawa ulizopewa. Siku ya kwenda zahanati mpe Mganga Mfawidhi alisome, umwombe barua ya rufaa kama dawa za kwanza hazikusaidia. Daftari hilo hilo liende hospitali ya wilaya, na ya mkoa, kila mtaalamu aone mwenzake kafanya nini. Kama mwenzako hajui kuandika, mwandikie.

Kuhusu matibabu, dawa ya kuumaliza ugonjwa kabisa haijapatikana, ila iko ya kuutuliza. Dawa za maumivu kama ibuprofeni husaidia zaidi zikianzwa mapema, pamoja na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo aulize kwanza. Dawa nyingine ni vidonge au sindano zile za uzazi wa mpango. Hapa ndipo ugomvi unapoanzia. Mama mkwe akiviona chini ya godoro anasema, "Ndiyo maana sipati mjukuu!" Kumbe ni dawa ya kutuliza utando, na mama akitaka mtoto hupangiwa njia nyingine na daktari. Wengi huzaa. Basi mume aende kliniki pamoja na mkewe, asikie kwa masikio yake, na yeye pia apimwe kama mtoto hapatikani. Na ile kauli ya kumwozesha msichana haraka ati akizaa itaisha, tuiache. Kuzaa si dawa ya ugonjwa huu.

Tahadhari: maumivu makali ya ghafla kwa mama ambaye hakupata hedhi yake, au akizimia, au akiwa na homa, hayangoji daftari. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chenu, msichana akikosa shule kwa hedhi huulizwa nini, na nani humwuliza?
2. Chora mistari ya daftari la maumivu ubaoni. Ni mambo gani mengine mngeongeza?
3. Yule mama wa pamba alitibiwa na watu wanne. Kila mmoja alihitaji kujua nini kutoka kwa mwenzake?