Hati ya Shamba Ukutani

Mchezo wa Nitaolewa Nikipenda, wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulichezwa kwa Kikuyu na wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, mwaka 1977. Baada ya wiki chache serikali iliupiga marufuku.

Kiguunda na Wangeci, maskini waliooana kimila, wametundika ukutani hati ya shamba lao la ekari moja na nusu. Tajiri Kioi anawahimiza wafunge ndoa kanisani. Wakidhani mwana wa Kioi atamwoa binti yao, wanaweka shamba rehani benki wapate pesa za arusi. Binti anapata mimba, anakataliwa. Shamba linapigwa mnada.

Hati ile ni ishara ya jasho la mume na mke. Nguo za arusi ni ishara ya kuishi kwa macho ya watu.

Hapa Matasia mnajua jinsi ploti inavyopatikana kwa taabu. Hata hivyo wengine huahirisha Sakramenti miaka mingi wakisema, "Hatujapata pesa za sherehe." Kumbukeni: Kanisa linataka ridhaa ya wawili walio huru kuoana, mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Hema, keki na magari si Sakramenti. Msiweke shamba la watoto rehani kwa karamu ya siku moja.

Jioni hii ulizaneni:
1. Ni nini hasa kinachotuzuia kwenda altareni?
2. Ni deni gani tumelichukua ili tusichekwe?